Moto wa Makaa Katika Nyumba Iliyofungwa

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba joto na baridi, akawapa waja wake sufi na ngozi za wanyama wapate kujifunika, akaujaalia moto kuwa ni ukumbusho na manufaa kwa wasafiri. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Enyi ndugu zangu Waislamu wa Magomeni, na Mikindani, na Msimbati, na wote mkaao pwani hii mpaka mlango wa mto Ruvuma: risala hii nimeiandika kwa jambo ambalo mtu akilisikia kwa mara ya kwanza hana budi kucheka. Nataka kusema nanyi juu ya baridi. Atasema msomaji, mtu wa Mtwara ana nini na baridi? Sisi kipupwe chetu kikija na upepo wa kusi ukavuma mwezi wa Juni na Julai, mtu huvuta shuka ya pili akalalamika barazani kuwa mwaka huu baridi imezidi. Na mwenye kupanda Newala akakuta ukungu asubuhi hurejea akaeleza kama aliyetoka safari ya mbali. Basi baridi gani hiyo ya kuandikiwa risala?

Lakini angalieni watoto wetu wako wapi leo. Mmoja yuko Njombe na Makete kwa biashara, huko ambako mwezi wa Juni majani huamka meupe kwa sakitu. Mwingine yuko Uingereza, mwingine Kanada, mwingine Marekani. Na kila mmoja wao ana simu mkononi, na akipata dhiki hampigii gavana wa nchi ile. Humpigia baba yake, au ami yake, au mwalimu aliyemfundisha alifu kwa kijiti. Nyinyi mlioketi barazani ndio mtakaoulizwa. Mimi niliulizwa, nikajibu, na jibu langu lilikaribia kuua watu watatu. Ndiyo sababu ya risala hii, wala sikuiandika kwa kupenda kujieleza.

Mwezi wa Februari mwaka 2021 baridi kali iliingia katika jimbo la Texas, nchi ya Marekani, ambalo si jimbo la baridi kwa desturi yake. Watu wetu wa Mtwara twaijua gesi, kwani ile ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982 na imetupatia umeme miaka mingi. Basi jueni kuwa Texas ni nchi ya gesi kupita nchi nyingi za dunia, na pamoja na hayo visima na mabomba na mitambo yake haikuwa imefunikwa kwa baridi ya namna ile. Vikaganda. Usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 15 umeme ukaanza kukatwa, na nyumba zaidi ya milioni nne zikawa gizani, nyingine kwa siku tatu na nne. Serikali ya jimbo lile ilihesabu baadaye watu 246 waliokufa, wengi wao kwa baridi yenyewe, ndani ya nyumba zao. Wala hawakuwa mafakiri wote. Mali haikuwafaa kitu maadamu nyumba zao zilikuwa hazina moto mwingine ila ule uletwao na waya.

Katika nyumba mojawapo alikuwamo kijana niliyemsomesha Kurani hapa Magomeni, kisha Safina, kisha vitabu vinavyofuata. Simu yake ilinifikia Jumanne, karibu na adhana ya alfajiri; kwao ilikuwa Jumatatu usiku, isha imekwisha kuingia. Akanisalimu kwa haraka, akasema: Maalim, umeme umekatika tangu jana usiku wa manane. Nyumba hii kila kitu chake ni umeme, taa na jiko na mashine ya kutia joto. Maji ya bomba ni kama barafu, na nje ni barafu tupu. Nina mke na mtoto wa miezi minane. Nina masuala mawili.

La kwanza lilikuwa juu ya udhu, kwani mikono yake ilikuwa imekwisha kupasuka na kufa ganzi, naye aliogopa. Hilo nililijibu kwa urefu, nikamtajia hadithi na kauli za maulamaa, kwa kuwa ni jambo nililolisoma.

La pili alisema: nina gunia la makaa, tulilibakisha tulipochoma nyama siku ya Idi. Je, niyawashe ndani tupate kuota?

Nikacheka, ndugu zangu. Nikamwambia: kwani mama yako alikuotesha nini ulipozaliwa? Washa makaa yako, yakikolea na moshi ukiisha uyaingize ndani, ufunge mlango ulale na watu wako.

Hapana mtu wa pwani hii asiyejua nilikosema. Mwanamke akijifungua, mkunga huingiza seredani chumbani, makaa yakawekwa chini ya kitanda au kando yake, mlango ukarudishwa, na mzazi akaota moto siku zake mpaka arobaini. Sote tumelelewa katika joto hilo. Basi mimi nilimfutu kwa desturi ya bibi yangu, nikaitoa kwa ulimi wa mwalimu wa fiqhi.

Baada ya sala nikayasimulia haya msikitini, kwa kuwahurumisha watu juu ya kijana wetu, ili tumwombee dua. Alikuwapo safu ya pili mtu mmoja aliyefanya kazi ya uuguzi miaka mingi. Hakusema kitu mpaka watu wakaanza kuondoka, kisha akanikaribia akaniuliza kwa adabu: Maalim, madirisha ya nyumba za huko ni ya namna gani? Nikasema ni ya vioo, na yamebanwa hata sindano haipiti, kwa ajili ya baridi. Akaniuliza: na paa? Nikasema lina dari. Akasema: basi mpigie sasa hivi.

Nikapiga, simu ikawa haiiti. Nikapiga tena na tena. Jua lilitoka, nikaenda chuoni, watoto wakasoma nami sisikii wasomalo. Kwao ulikuwa usiku wa manane, nami nikijua kuwa wamelala, na kuwa wamefunga mlango kama nilivyowaagiza. Saa zile nilijiuliza suala ambalo namwomba Mwenyezi Mungu asimjaalie yeyote katika nyinyi kujiuliza: wakifa, ni nani aliyewaua? Nikafungua vitabu kutazama mlango wa kuua kwa kukosea na kafara yake, nikasoma mistari michache, nikavifunga.

Alasiri simu ikaita. Walikuwa hai. Makaa waliyawasha, wakafunga mlango, wakalala. Mke akaamka kichwa chamwuma kama kilichopigwa nyundo, mtoto akatapika, na baba alipotaka kusimama miguu haikumchukua. Wakadhani ni baridi na njaa. Mke akasema, tutoke nje mtoto apate hewa, kwani matapishi yake yanuka. Akatambaa, akafungua mlango. Wallahi hawakutoka kwa elimu. Walitoka kwa sababu ya harufu ya matapishi, kwani hewa ile iliyokuwa ikiwaua haina harufu hata kidogo. Baadaye jirani yao aliwachukua hospitali katika gari lake, wakatiwa hewa safi kwa mpira puani, wakapona. Na kijana hakunilaumu. Alisema tu: Maalim, tulifanya kama ulivyosema.

Neno hili halijanitoka kichwani mpaka leo.

Basi na tueleze jambo lenyewe, kwani watu wetu wengi wadhani kuwa kinachodhuru ni moshi, na kuwa makaa yakishakuwa mekundu bila moshi yamekuwa salama. Sivyo. Makaa hayapati kuungua ila kwa hewa. Na yakiwa katika chumba kilichofungwa hewa hupungua, na makaa yenye kuungua kwa hewa chache hutoa sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikoozi wala haichomi macho. Makaa mekundu yaliyokolea huitoa kama yale yaangazayo moshi. Mtu akiivuta, hiyo hushika damu mahali pa hewa njema ambayo damu huichukua kupeleka mwilini, na mshiko wake ni wa nguvu kuliko mshiko wa hewa njema zaidi ya mara mia mbili. Basi mtu huvuta pumzi kama kawaida, na kifua chapanda na kushuka, na mwili wote wafa kwa kukosa hewa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, viungo kulegea, na usingizi mzito. Na alama yake kubwa ni hii: watu wa nyumba moja huumwa pamoja kwa wakati mmoja, na wakitoka nje hupata nafuu. Aliyekwisha kulala haamshwi na kitu. Mtoto mchanga na mwenye mimba na mzee hutangulia kudhurika.

Atauliza mwenye kuuliza: mbona bibi zetu waliota moto na hawakufa? Jawabu lake ni katika nyumba, si katika moto. Nyumba ya bibi yangu ilikuwa ya udongo na boriti, paa lake la makuti, na kati ya ukuta na paa palikuwa na mwanya ambao paka hupita. Mlango ulikuwa wa mbao zilizoachana. Ukifunga mlango ule umeuzuia upepo na macho ya watu, hukuizuia hewa. Hewa mbaya ilipanda ikatokea juu kwenye makuti, na njema ikaingilia chini. Bibi hakulijua hilo, wala hakuhitaji kulijua, kwani nyumba ilimfanyia kazi yake. Nyumba ya leo imejengwa kwa tofali za saruji, ina dari ya mbao au ya plasta, na madirisha ya vioo na aluminiamu. Jina la jambo ni moja, kuota moto chumbani. Lakini sababu iliyolifanya kuwa salama imeondoka. Na kila mwanafunzi aliyesoma usuli ajua kuwa hukumu hufuatana na sababu yake, ikiwapo huwapo na isipokuwapo huondoka. Mimi nalisomesha hilo darasani, na siku ile sikulikumbuka.

Wala msiseme haya ni ya Marekani. Hapa Magomeni penye kipupwe wako wazazi wanaooteshwa moto katika vyumba vya saruji vilivyofungwa vioo, na mtoto akilala mno husemwa, ametulia, amshukuriwe Mungu. Na wako watu wa duka ambao umeme ukikatika huiwasha jenereta ndani, wakafunga mlango kwa kuogopa wezi. Jenereta ni mbaya kuliko seredani, kwani hutoa hewa ile ile kwa wingi na kwa haraka. Mahali pake ni nje, mbali na mlango na dirisha. Na gari halipigwi moto ndani ya banda lililofungwa, hata kwa nia ya kuota joto lake. Mwenye kumwotesha mzazi na amwoteshe ukumbini au uani, penye kupita hewa, na usiku amfunike mablanketi, seredani itoke nje. Wakunga wetu watakasirika, na wakasirike.

Na wala hili si jipya katika dini yetu. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Ibn Umar kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza watu wasiuache moto nyumbani mwao wakati wa kulala. Na wamepokea kwa Abu Musa kuwa nyumba moja ya Madina iliungua usiku na watu wake wamo ndani, na Mtume alipopashwa habari yao akasema kuwa moto huu ni adui yenu, mkilala uzimeni. Na katika hadithi ya Jabir ameamrisha taa zizimwe, kwani panya huweza kuuvuta utambi akawaunguza watu wa nyumba. Tazameni jinsi alivyofuata sababu hata kufika kwa panya. Maulamaa wetu wamesema kuwa taa isiyoweza kufikiwa na panya haimo katika makatazo. Basi ikiwa sababu ni kuogopa madhara kwa aliyelala, ni madhara gani makubwa kuliko hewa inayowaua watu wote wa chumba bila ya kuwaamsha hata mmoja? Moto ule wa Madina angalau ulitoa mwanga na kelele.

Wala sikusudii kuutukana moto. Nabii Musa, amani imshukie, alipokuwa na ahali yake njiani usiku akauona moto mbali, alikwenda kuwatafutia kijinga wapate kuota. Kuwatafutia watu wako joto ni jambo la Mitume. Lakini aliuendea huko uliko, na wao walikuwa chini ya mbingu.

Nitaje na habari nyingine, ili msidhani kuwa ya kijana wetu ni nadra. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Desemba mwaka 2006 upepo mkali ulivuma katika jimbo la Washington, huko huko Marekani, ukaangusha miti juu ya nyaya, na nyumba zaidi ya milioni moja zikakosa umeme katika baridi ya mwezi ule. Katika wilaya ya King, ulipo mji wa Seattle, waganga walihesabu kwa siku kumi watu 259 waliopatwa na hewa ya kaboni monoksaidi, na katika hao 8 walikufa. Wakazichunguza nyumba 86 zilizopatwa. Nyumba 50 zilikuwa za wageni waliohamia, na katika hizo 50 zilizo nyingi kuliko nyingine, yaani 21, ni za watu waliotoka Afrika. Wenyeji wa nchi wengi wao walidhuriwa na mashine za mafuta. Lakini katika nyumba za wageni, nane katika kila kumi, kilichowadhuru ni makaa. Gazeti la mji likachapisha onyo ukurasa wa mbele kwa lugha mbalimbali, na wakati huo watu walikuwa wamekwisha kulala hospitali na wengine makaburini.

Nilipoisoma habari hiyo nilijua mara moja ni nani hao. Ni watu kama sisi. Walikuwa na makaa kwa sababu watu kama sisi hawakai bila makaa, na waliyaingiza ndani kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na bibi.

Basi mtoto wako akikupigia simu katika hali kama hiyo, mwambie hivi. Asiwashe makaa ndani, wala kuni pasipo na dohani, wala jiko la gesi kwa kuota joto, wala asidanganyike kwa kufungua dirisha kidogo, kwani kidogo hakitoshi. Wakusanyike wote chumba kimoja kilicho kidogo, wazibe chini ya mlango kwa nguo, wavae nguo juu ya nguo, na kofia, na soksi. Miili ya watu ni moto wa halali usio na sumu. Wale, hasa vyakula vya mafuta na tende. Akitaka kuchemsha maji au kupika kwa makaa, afanye nje mbali na mlango, kisha alete maji ndani, makaa yabaki huko huko mpaka yafe. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuvikwa kitambaa humtia mtu joto. Na waweke nyumbani kile chombo kidogo cha ukutani kinachopiga kelele hewa hiyo ikizidi, kile cha betri, wala bei yake si kubwa. Na kama nyumba imekuwa baridi kupita kiasi, waiache waende kwa jirani au mahali palipofunguliwa watu. Katika siku zile za Texas iko misikiti mjini Houston iliyofungua milango yake kwa kila aliyekosa moto, Mwislamu na asiye Mwislamu. Kijana wetu alikuwa na msikiti karibu, lakini aliona haya kwenda kulala msikitini na mke na mtoto. Haya yetu ya pwani ni tabia njema, ila wakati mwingine twaiweka mahali pasipo pake. Na mtu akihisi zile dalili, watoke wote nje kwanza, hata kama nje ni barafu, ndipo waite waganga.

Sasa nije kwenye suala lake la kwanza, nalo nitalipita kwa ufupi, kwani vitabu vimelitosheleza.

Mwenye Safina amezihesabu sababu za tayammamu kuwa ni tatu, kukosa maji, na ugonjwa, na kuyahitaji kwa kiu ya mwenye roho ya kuheshimiwa. Baridi kali huingia katika mlango wa ugonjwa, akiogopa mtu kupoteza kiungo au manufaa yake, au ugonjwa wa kudhuru, naye hana cha kupashia maji moto. Asli yake ni kisa cha Amr bin Al-As katika vita vya Dhat As-Salasil mwaka wa 8 wa Hijra. Aliota usiku wa baridi kali, akaogopa akioga atakufa, akatayamamu akawasalisha wenzake alfajiri. Walipomweleza Mtume, akamwuliza Amr, naye akasema kuwa alikumbuka aya inayokataza watu wasiziue nafsi zao, katika sura ya Nisaa. Mtume akacheka, wala hakusema kitu. Lakini asiyeogopa madhara, bali aona uzito tu, huyo atawadhe, na thawabu yake ni kubwa. Na aoshe mara moja moja, kwani mara tatu ni sunna. Na ajifute kwa kitambaa, ingawa kuacha kujifuta ni bora pasipo haja, na baridi ni haja. Na akivaa khofu kwa masharti yake apanguse juu yake mchana na usiku, na msafiri siku tatu na masiku yake. Aliye mkaazi apatapo cha kuchemshia maji hana ruhusa ya kutayamamu. Na udongo katika madhhabu yetu hauna budi kuwa na vumbi, theluji haifai. Mwenye kukaa nchi zile na afunge kibaba cha vumbi safi katika mfuko akiweke sandukuni, kama mama zetu waliokuwa wakifunga pilipili mbegu. Na jamaa na Ijumaa humwondokea mtu kwa baridi kali, asali nyumbani pamoja na watu wake.

Na yaliyomo katika Minhaj ni kuwa mwenye kutayamamu kwa ajili ya baridi atailipa sala yake, kwa kauli iliyo dhahiri zaidi. Wako walioshikilia kuwa Amr hakuamrishwa kulipa. Na wetu wamejibu kuwa kulipa si lazima kwa haraka, basi kunyamaza kwake Mtume hakuondoi. Mwenye kufuata madhhabu na alipe.

Lakini iko hadithi nyingine ya mlango huu, aliyoipokea Abu Daud kwa Jabir, nayo ndiyo iliyonishika koo. Mtu alipasuliwa kichwa kwa jiwe safarini, kisha akaota, akawauliza wenzake kama wamwonea ruhusa ya kutayamamu. Wakasema hatukuonei, nawe waweza maji. Akaoga, akafa. Habari zilipomfikia Mtume alighadhibika, akasema kuwa wao ndio waliomwua, na akawaombea mabaya. Na akasema kwa nini hawakuuliza walipokuwa hawajui, kwani dawa ya asiyejua ni kuuliza. Hadithi hii nimeisomesha labda mara ishirini. Kila mara niliisomesha kwa kuwalaumu wale walioshadidia, na kuonyesha wepesi wa dini. Sikupata hata siku moja kufikiri kuwa mwenye kusema fanya, hapana neno, aweza kuwa katika kundi lao sawasawa na aliyesema usifanye. Mimi nilikuwa na wepesi, na wepesi wangu ulikuwa na mauti ndani yake.

Tangu siku ile nimejiwekea sharti. Nikiulizwa jambo lenye mwili wa mtu ndani yake, dawa au moto au mimba au funga ya mgonjwa, husema: ngoja, nikamwuliza yule ndugu wa safu ya pili, au mwingine ajuaye. Mara nyingine muulizaji huona nimepungua. Wako waliosema barazani kuwa Maalim siku hizi hajui kitu mpaka amwulize muuguzi. Wamesema kweli.

Na kijana wetu, umeme uliporudi Alhamisi, alinipigia tena akiwa na suala la tatu. Alitaka kujua ni sala ngapi za kulipa, kwani hesabu ilimpotea katika giza lile. Tukazihesabu pamoja kwa simu, yeye akikumbuka na mimi nikiandika nyuma ya bahasha: alfajiri ya Jumatatu aliipata kwa maji, adhuhuri na alasiri pia kwa taabu, magharibi vilevile mpaka mikono ikatoa damu, tangu isha ya usiku ule alitayamamu, na sala nyingine zikampita akiwa hospitali na mpira puani. Tulipofika mwisho zilikuwa kumi na mbili. Akaniuliza kama azilipe kwa mfululizo au kila sala na mwenziwe. Nikamwambia yote mawili yafaa, na utangulize kulala kwanza.

Wallahu aalam.